Redio ya baba, kahawa ya mama

Jumamosi iliyopita mimi na mwanangu wa kiume tulipeleka televisheni dampo. Ilikuwa nzima. Inchi 40, rangi safi, rimoti yake ipo. Tulikuwa tumeitangaza bure wiki nzima na hakutokea mtu wa kuichukua, kwa sababu haiingii intaneti. Hapa Coventry, Uingereza, dampo la halmashauri limepangwa vizuri: mbao kivyake, majani ya bustani kivyake, na vifaa vya umeme ndani ya kizimba cha nyavu. Nikaiweka juu ya nyingine nyingi, nikageuka kuondoka, ndipo nikaona kwenye kona ya kizimba redio kaseti ya National Panasonic ya rangi ya fedha, mlango wake wa kanda umevunjika. Nikamwomba kijana wa zamu aniruhusu niichukue. Akanijibu kwa upole kwamba kitu kikishaingia humo hakitoki, ndiyo kanuni. Nilikaa ndani ya gari muda mrefu bila kuliwasha. Mwanangu akaniuliza, "Mama, unalia kwa ajili ya redio?"

Siku ile sikumjibu. Najaribu kumjibu hapa, pamoja na ninyi wenzangu tulio huku, maana kila mwezi kwenye makundi yetu ya simu kuna mtu anatuma picha ya redio ya zamani, au televisheni ya chogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na chini yake ameandika kwamba zamani kulikuwa na raha na watu walipendana. Mimi pia huwa naweka alama ya moyo. Lakini picha zile zinaacha nje bei, na zinamwacha nje aliyeilipa.

Redio yetu iliingia nyumbani, Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1977, nikiwa na miaka saba. Naujua mwaka kwa sababu ya kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na kwa kuwa Brazil ndiyo inayouza kahawa nyingi kuliko nchi yoyote, bei ikapanda dunia nzima na kufika juu kabisa mwaka 1977. Sisi watoto hatukujua Brazil iko upande gani. Tulichojua ni kwamba msimu ule baba alirudi kutoka Moshi mjini amevaa koti, amekumbatia boksi kifuani, anatembea polepole kuliko kawaida yake kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na njia inateleza. Ilikuwa National ya bendi tatu, ndani ya mfuko wa ngozi wenye matundu mbele. Betri nne kubwa. Baba hakututajia bei hata siku moja. Mama ndiye aliyeniambia, mimi tayari mtu mzima: zaidi ya nusu ya malipo ya msimu. Na ule ulikuwa msimu wa neema.

Iliwekwa juu ya kabati sebuleni, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Baba peke yake ndiye aliyeiwasha. Jioni, ngoma ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania ikianza kulia, ua ulikuwa umeshajaa. Walikuja wazee na mbege yao, pombe ya ndizi, walikuja vijana waliotaka matokeo ya mpira, lakini waliokuja wengi zaidi walifuata matangazo ya vifo. Wanaokumbuka wanajua. Simu hakuna, barua wiki mbili. Mtu wako akifia Tanga au Mwanza, ulimsikia redioni, jina lake na orodha ndefu ya ndugu wanaopewa habari, popote walipo. Nakumbuka mama mmoja wa jirani alivyosikia jina la kaka yake akiwa amesimama uani kwetu na kikombe mkononi. Hakupiga kelele. Alikiweka kikombe chini taratibu, kama anayeogopa kukivunja, akaondoka, na wanawake wote wakamfuata gizani.

Novemba 1978 tulimsikia Mwalimu Nyerere akisema kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Siku ile watu walijaa mpaka kwenye migomba, na baba aliitoa redio nje, akaiweka juu ya meza, akasimama pembeni yake wima. Aprili 1984, ilipotangazwa kwamba waziri mkuu Sokoine amefariki, redio ilizimwa na hakuna aliyenyanyuka kwenda kwake. Haya sitaki mtu aniondolee. Niliijua nchi yangu kupitia yale matundu ya ngozi.

Halafu zilikuja siku za uhaba. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, vita vimekula fedha za kigeni, na dukani hapakuwa na sabuni wala chumvi. Betri zilikuwa zinatengenezwa kule kule nchini kwetu, Dar es Salaam, lakini kuzipata kijijini ilikuwa ni kujuana na mgawaji. Tulizianika juani juu ya bati. Tulizigonga, tulizibadilisha nafasi, iliyochoka mbele na yenye nguvu nyuma, ili tupate dakika kumi za habari. Redio ikawa inasema kwa sauti ya mgonjwa, na watu wanainama kuisikiliza.

Sasa, mama.

Kwetu Uchaggani, kwa desturi ya zamani zile, ndizi ni za mwanamke na kahawa ni ya mwanaume. Lakini mkono ulioichuma ile kahawa haukuwa wa mwanaume. Mama alichuma buni moja moja, nyekundu tu, mtoto mgongoni. Alizungusha mashine ya kumenyea mpaka kiganja kikaota sugu ambayo anayo hadi leo. Aliloweka, akaosha, akaanika, akaondoa mbovu kwa kidole, akaamka usiku kufunika mvua ikianza. Siku ya kupima, gunia lilikwenda ghalani kwa jina la baba, na pesa ilirudi kwa mkono wa baba. Na mama alikuwa na ombi lake. Alitaka cherehani. Alikuwa amejifunza kushona kwenye darasa la akina mama kanisani, na alishahesabu ni sare ngapi za shule angeweza kushona kwa mwaka. Mwaka ule wa neema pesa ya cherehani ilikuwepo kweli. Ikanunua redio.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alitusomesha wote, wasichana kwa wavulana, na hakumfukuza mtu uani kwake. Redio ilikuwa heshima yake mbele ya wenzake, na heshima ile ilitulinda na sisi. Lakini jioni wageni walipojaa, mama alikuwa jikoni anawapikia. Mpaka baba alipofariki mwaka 1993, mama hakuwahi kushika kifungo cha redio ile. Cherehani nilimnunulia mimi, mwaka 1996, na macho yake yalikuwa yameshaanza kumkataa kwenye tundu la sindano.

Huku Uingereza nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Yupo bibi mmoja, ana miaka 88, ambaye hupenda nimchane nywele huku anasimulia. Nilipomweleza habari za redio yetu alicheka, akaniambia kwamba Juni 2, 1953, siku aliyotawazwa Malkia Elizabeth, mtaani kwao nyumba yenye televisheni ilikuwa moja. Waliingia humo watu zaidi ya 20, watoto chini, wanaume wamesimama ukutani, na mwenye nyumba amefunga mapazia ili picha ionekane. Siku hiyo watu zaidi ya milioni 20 nchini humu walitazama televisheni, na wengi walikuwa kwa jirani. Baadaye, akasema, familia yake haikununua televisheni. Walikodi, kama wengi walivyofanya miaka ya 1960 na 1970, kwa sababu bei haikushikika. Ya kwao ilikuwa na kisanduku cha sarafu nyuma. Hela ikiisha katikati ya filamu, kioo kinazima, na baba yao anapapasa mifukoni gizani.

Kwa miaka mingi niliamini, kama wengi wetu, kwamba wazungu hawajui kukaa pamoja na sisi tunajua. Bibi yule ameniondolea imani hiyo. Wao pia walijazana sebule moja, kifaa kilipokuwa ghali. Ilipofika bei ya kila mtu kuweza, kila mtu akaingia chumbani kwake na chake. Na nyumbani mambo yanakwenda vivyo hivyo, tena kwa kasi. Tanzania Bara tulikaa bila televisheni yetu mpaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nilikuwa Kinondoni wakati huo, mpangaji. Mwenye nyumba alinunua, na dirisha lake likawa vichwa vitupu vya watoto. Mmoja yuko nje anazungusha mlingoti wa antena, mwingine ndani anapaza sauti: "Bado! Chenga tupu! Rudisha! Hapo hapo!" Leo nikienda likizo, wajukuu wa nyumba ile ile wamekaa kochi moja, kila mmoja na simu yake, hakuna anayemuuliza mwenzake anatazama nini.

Hesabu yangu mimi ni hii. Kuanzia Aprili 2025 mshahara wa chini hapa kwa mtu mzima ulikuwa pauni 12.21 kwa saa. Redio ndogo nzuri naipata kwa saa moja na nusu ya kumsaidia mzee kuoga na kuvaa. Huku kitu ni rahisi na mkono wa mtu ni ghali. Kule kwetu kitu kilikuwa ghali, na mkono wa mtu, hasa wa mwanamke, ulikuwa bure. Nikiulizwa nichague, nachagua mkono uwe ghali. Nasema hivyo nikijua kwamba hata hii redio ya saa moja na nusu, aliyeiunga huko kiwandani Asia hakulipwa kama mimi.

Kwa hiyo sikubali mtu akiniambia kwamba umaskini ulitupa upendo. Uani kwetu palikuwa na watu wengi, na jikoni palikuwa na mtu mmoja.

Kinachoniuma kweli huku ni kutupa. Marangu Mtoni alikuwepo fundi redio, kibanda chake kama choo kwa udogo, anatia kipande cha chuma kwenye makaa, kikiwa chekundu anayeyusha risasi na kuunganisha nyaya nyembamba kama nywele. Redio yetu ilipita kwake mara nne au tano kwa miaka 16. Hapa, tangu Julai 2021, sheria inawataka watengenezaji wa baadhi ya vifaa, televisheni zikiwemo, wahakikishe vipuri vinapatikana. Sheria njema. Lakini nani atamlipa fundi kwa saa wakati saa zake mbili zinakaribia bei ya kifaa kipya? Hivyo kizima kinakwenda dampo kama kilivyokwenda cha kwangu. Hapo tunaweza kufanya kitu, sisi tunaosafirisha makontena. Tupeleke vinavyofanya kazi, vilivyojaribiwa kwenye soketi, tukiandika na kasoro zake, badala ya kuwatumia ndugu zetu friji zilizokufa kwa sababu tu nafasi imebaki. Fundi wa nyumbani anastahili kupewa kinachotengenezeka.

Jumapili nilimpigia mama. Siku hizi ana redio ndogo ya Kichina yenye tochi na paneli ya jua, bei yake haifiki ya jogoo. Anakwenda nayo migombani, analala nayo. Nikamsimulia habari za dampo, kisha nikamuuliza kama huwa anaikumbuka ile National ya baba.

"Ile?" akasema. "Ile ilikuwa ya baba yenu na wageni wake. Mimi nilikuwa naisikia nikiwa kwenye moshi."

Nikataka kumwambia kitu, nadhani nilitaka kumwomba radhi kwa niaba ya mtu asiyekuwepo tena. Nikamsikia anahangaika na kifungo, sauti ya mtangazaji ikapanda.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Wanasoma vifo."