Ndoo Bila Robine

Zunguka shule tano za msingi za Lubumbashi, ziwe za komini (wilaya ya mji) ya Katuba, ya Kenya au ya Ruashi, hutakosa kuiona. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, imekalia kistuli cha chuma karibu na geti, ubavuni ina nembo ya mradi uliokwisha kufungwa. Mahali pa robine, ile koki ya kufungulia maji, pana tundu. Ndani, badala ya maji, mna maganda ya karanga.

Na kila Septemba, ukitaja pesa za afya mashuleni, kuna mkubwa atakayekujibu kwa upole wa mtu aliyeshiba: "Hiyo si kuna wafadhili wanaoishughulikia?" Jibu hilo ndilo linalonichoma.

Tuanze na robine, maana siasa nzima ya bajeti imejificha humo. Robine ya plastiki inakufa kwa sababu zinazojulikana. Watoto wanaizungusha kupita mwisho wake, nyuzi zinalika. Kile kimpira cha ndani kinakauka na kupasuka, tena upesi kama ndoo inawekwa maji ya klorini. Au tundu lilitobolewa kwa msumari wa moto, ukingo ukabaki na nyufa, na siku nati inapokazwa kwa nguvu ndoo inachanika. Tiba yake ni robine mpya, vimpira viwili, nati ikazwe kwa mkono na si kwa koleo, kisha ndoo ikae juu ya matofali yaliyotulia ili mtoto asiining'inie robine. Kazi ya dakika kumi. Gharama yote haipiti chupa mbili za bia ya Simba. Sasa kwa nini haitengenezwi? Kwa sababu mfadhili alinunua ndoo, hakununua robine ya pili. Na direkta, mkuu wa shule, hana mfuko wenye jina hilo: pesa za uendeshaji zikifika, kama zikifika, zinagombaniwa na chaki, madaftari ya mahudhurio na usafiri wa kwenda benki kuzichukua zenyewe.

Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za Serikali. Ilitubidi tungoje mpaka Septemba 2019 ili maneno hayo yaanze kutekelezwa. Mimi ni mtetezi wa elimu ya bure, na anayetaka kurudisha minerval, ile karo ya wazazi, asinihesabu upande wake. Ila tusidanganyane. Katika ile pesa ya wazazi mlikuwa na prime ya mwalimu, ile nyongeza ya mshahara wake, ndiyo, na fujo nyingine nyingi. Lakini mlikuwa pia na sabuni, fagio, na mshahara wa mzee anayesafisha choo. Tulipofunga mfuko wa mzazi tulipaswa kufungua wa hazina siku ileile. Mwalimu alau alitajwa katika hesabu, hata kama wako walioendelea kungoja kulipwa. Sabuni haikutajwa na mtu. Direkta akaachiwa njia mbili: watoto wanawe mikono kwa maombi, au awaombe wazazi "mchango wa usafi" kisha inspekta aje amwadhibu kwa kuvunja sheria. Ukimwona direkta anayechagua ya kwanza, usimwite mzembe. Anaijua sheria.

Wanaosema hakuna pesa, tupige hesabu pamoja. Chukua shule ya watoto 600. Usinunue sabuni ya kipande. Inaibiwa, inayeyuka juani, inaangukia matope. Tengeneza maji ya sabuni: gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya lita moja na nusu, koroga, toboa mfuniko kwa sindano. Mtoto mmoja anatosheka na mililita 3 hivi, kwa hiyo chupa moja inanawisha mara 500. Watoto 600 wakinawa mara mbili kwa siku, baada ya choo na kabla ya kula, ni mara 1,200, yaani chupa tatu. Gramu 90 kwa siku. Siku 24 za mwezi, kilo 2 na kidogo. Mwaka wote wa shule, siku mia mbili na ishirini hivi, haufikishi kilo 20. Sabuni ya watoto 600 kwa mwaka mzima inaingia katika mfuko mmoja wa kilo 25, na nyingine inabaki ya kusugulia sakafu ya choo. Linganisha na mafuta ya jeep moja ya ofisi, wiki moja.

Maji ndiyo ghali, hapo nakubali, tena kwa shingo upande. Shirika la Afya Duniani, ile OMS, linapendekeza lita 5 kwa mtoto kwa siku katika shule ya kutwa. Kwa watoto wetu 600 ni lita 3,000, yaani bido 150, yale madumu ya lita 20. Regideso, shirika la maji, ikikata, nani ataleta bido 150? Hapo ndipo mradi unapokuja na tanki la mvua, picha zinapigwa, utepe unakatwa. Tanki ni zuri. Lubumbashi inapata milimita kama 1,200 za mvua kwa mwaka, na bati la mita za mraba 200 linaweza kukinga maji mengi kuliko tanki lolote litakalojengwa hapo. Shida ni kwamba mvua hiyo inanyesha kati ya Novemba na Aprili. Mei, Juni, Septemba na Oktoba watoto wako darasani na tanki linalia kama ngoma. Miezi hiyo maji yananunuliwa, na kununua maji hakuna utepe.

Jambo jingine kuhusu mabati yetu: hapa hatuishi kijijini penye hewa safi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na kobalti ilikuwa juu mno, hasa kwa watoto. Vumbi ndilo njia mojawapo. Baada ya miezi ya kiangazi bati linakuwa na vumbi hilo hilo, kwa hiyo mvua za kwanza zimwagwe zote, halafu katika kila mvua inayofuata lita 100 hadi 200 za mwanzo zipitishwe nje kwa bomba la pembeni kabla ya kuingia tankini. Bomba hilo la pembeni lina kifuniko cha kufungua na kusafisha kila baada ya mvua. Asipokuwepo mtu anayelipwa kukifungua, linajaa tope, na tope linapanda tankini. Tunarudi palepale kwenye mshahara mdogo wa mtu mmoja ambao hakuna mradi unaotaka kuulipa. Na kunawa mikono katika mji huu si kipindupindu peke yake, ni kuzuia mtoto asile bukari, ugali wetu, pamoja na vumbi la mgodi.

Basi pesa ziko wapi? Chini ya miguu yetu. Sheria ya madini ya Machi 2018 inagawa mrabaha, ile redevansi, hivi: asilimia 50 Kinshasa, 25 jimbo, 15 komini au sekta ambamo mgodi unachimbwa, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kila kampuni inatoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Komini zenye mgodi zina hiyo 15. Katuba na Kenya hazina mgodi, lakini vumbi halisomi mpaka wa komini, na ndiyo maana ile 25 ya jimbo isijifanye haiwahusu watoto wa huko.

Ninachokidai ni kidogo na ni cha karatasi: mstari wa bajeti wenye jina lake, "afya na usafi wa shule", uwe upande wa uendeshaji, usiwe upande wa ujenzi. Ukiutumbukiza katika "matumizi mengineyo" umeuua. Huko ndiko kunakoliwa kwanza. Ukiuweka kwenye ujenzi utapata vyoo sita vipya na hakuna wa kuvinyonya vikijaa. Upimwe kwa kichwa cha mtoto na si kwa shule, la sivyo shule ya watoto 1,200 itapata sawa na ya 200. Usihamishwe kwenda mstari mwingine bila kura ya madiwani, hawa tuliowachagua Desemba 2023, ambao wengi bado hatujui wanafanya nini. Na kila robo mwaka direkta abandike mlangoni kiasi kilichoingia na kilichonunuliwa, kamati ya wazazi itie sahihi.

Mtasema pesa zitaibiwa. Zitaibiwa kidogo, najua, siishi mwezini. Lakini kilo 20 za sabuni zenye hesabu mlangoni ni ngumu kuiba kuliko jengo ambalo bei yake ya kweli anaijua mjenzi na Mungu. Mtasema pia wafadhili wamesaidia. Wamesaidia. Bila ndoo zao, miaka ya kipindupindu ingekuwa mibaya zaidi. Ila wazee wa hapa wanakumbuka walivyokuwa wakisema "Gécamines njo baba, njo mama", yaani ile kampuni ya Serikali ya shaba ndiyo baba na mama: posho, hospitali, shule, vyote mlango mmoja. Shaba ilipoanguka, baba akaanguka na vyombo vyake vyote, na 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaagwa kwa mkupuo. Mrabaha nao unayumba. Februari 2025 Serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, na kobalti ndiyo inayotozwa asilimia 10. Pesa zikipungua hivyo, nani anakatwa kwanza? Hajawahi kuwa jeep. Kwa hiyo mstari huu ujazwe wa kwanza, mwingine uchukue masalio.

Vyoo nitasema kifupi kwa sababu vinanipandisha damu. OMS inahesabu tundu moja kwa wasichana 25, na moja kwa wavulana 50 pamoja na mahali pa kukojolea. Shule ya 600 nusu kwa nusu: milango 12 na 6. Nenda ukahesabu ya mwanao. Na mlango wa wasichana uwe na komeo la ndani na ndoo yenye mfuniko, vinginevyo msichana wa darasa la sita atabaki nyumbani siku zake na mtaandika "mtoro".

Dawa za minyoo zinatolewa bure na watengenezaji, kidonge kimoja cha albendazoli miligramu 400, na hapo wakubwa wanafurahi: bure! Kidonge ndiyo, lakini nauli ya mwuguzi wa kituo cha afya, vikombe, maji salama, madaftari, hivyo si bure. Pale inapotolewa pia dawa ya kichocho, inahitajika fimbo ya urefu inayoonyesha mtoto anywe vidonge vingapi, na inahitajika chakula tumboni. Ukiwapa watoto wenye njaa, saa nne asubuhi watatapika na kushika matumbo, saa tano mtaa mzima umesikia wamepewa sumu, saa sita wazazi wako getini. Ndizi moja au kipande cha mkate kabla ya dawa kingezuia hayo. Mkate hauna mstari.

Tena muda. Bunge la Kinshasa linafungua kikao cha bajeti tarehe 15 Septemba, wiki chache tu baada ya kengele ya kwanza. Fungu la kwanza liwe shuleni kabla ya Novemba, kabla mvua hazijafurisha visima na vyoo vya mabondeni. Likija Machi, direkta atanunua kopo la HTH, ule unga wa klorini, wakati hatari kubwa imeshapita, ataliweka stoo chini ya bati la moto, mfuniko haujafungwa vizuri, nguvu zinatoka kidogo kidogo kiangazi chote. Mwaka unaofuata, mlipuko ukianza, mwalimu atachota kijiko kimoja cha supu, gramu 15, kwa lita 20, kama alivyofundishwa, na watoto watanawa kwa maji yanayonuka klorini kidogo tu, yasiyoua kitu.