Japani na Korea Kusini: dawa ya deni ni kulipa, lakini nani alipe?

Oktoba 30, 2018, mzee wa miaka 94 alitoka Mahakama ya Juu ya Korea Kusini, mjini Seoul, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, analia. Alikuwa ameshinda kesi. Lee Chun-sik na wenzake watatu walikuwa wameishtaki kampuni ya chuma ya Japani kwa kuwafanyisha kazi za shokoa wakati wa vita, na siku hukumu inatoka yeye pekee ndiye aliyekuwa hai. Aliwaambia waandishi kwamba kilichomuuma ni kuipokea siku ile akiwa peke yake.

Alikuwa kijana wa miaka 17 alipopelekwa kwenye kiwanda cha chuma cha Kamaishi, kaskazini-mashariki mwa Japani. Korea ilikuwa koloni la Japani tangu 1910. Kazi yake ilikuwa kulisha tanuri makaa ya mawe, na mshahara aliambiwa anawekewa akiba. Akiba hiyo hakuiona. Zaidi ya miaka 70 baadaye, mahakama iliamuru Nippon Steel, mrithi wa kiwanda kile, imlipe won milioni 100, yaani kama dola 88,000 za wakati huo. Kampuni haikulipa, na serikali ya Tokyo ikasimama nyuma yake.

Huwezi kuuelewa uhusiano wa nchi hizi mbili leo bila kuanzia kwenye mshahara huo. Julai 2019 Japani ilibana uuzaji wa kemikali tatu zinazotegemewa na viwanda vya chipu za kompyuta vya Korea. Ilisema ni suala la usalama wa biashara. Wakorea waliona ni kisasi cha hukumu. Wakasusia bia na nguo za Kijapani. Kisiwa cha Kijapani cha Tsushima, kilomita 50 hivi kutoka mji wa Busan wa Korea Kusini, kilichokuwa kimepokea Wakorea wapatao 400,000 mwaka 2018, kilibaki na nyumba za wageni tupu. Agosti, Seoul ikatangaza kujitoa kwenye makubaliano ya kupeana taarifa za siri za kijeshi, ikasitisha uamuzi huo saa chache tu kabla haujaanza kufanya kazi. Hawa ni washirika wawili wa Marekani, wenye askari wa Kimarekani zaidi ya 80,000 kwenye ardhi zao, na wakati huo wote Korea Kaskazini ilikuwa inarusha makombora.

Aliyekata fundo ni rais wa Korea Kusini wa wakati huo, Yoon Suk-yeol. Machi 6, 2023, serikali yake ilitangaza kwamba walioshinda kesi watalipwa na mfuko wa Korea yenyewe, kwa michango ya kampuni za Korea. Kampuni za Japani hazikulazimishwa kutoa hata yeni moja. Siku kumi baadaye Yoon alikuwa Tokyo. Zuio la kemikali likaondolewa, viongozi wakaanza kutembeleana, na Agosti 18 yeye na Waziri Mkuu wa Japani, Kishida Fumio, walikaa na Rais Joe Biden kule Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wa Marekani. Tangu Desemba mwaka huo nchi hizi tatu zinapeana taarifa za makombora ya Korea Kaskazini papo hapo, yakiwa bado angani.

Je, alifanya sawa? Nianze na hoja ya Japani, kwa sababu wengi wanaoandika kwa huruma ya wazee hawa huiruka, nayo ina uzito.

Mwaka 1965 nchi hizi zilitia saini mkataba wa kurejesha uhusiano. Japani ilitoa dola milioni 300 za bure na milioni 200 za mkopo, na ikaandikwa kwamba madai ya nchi hizo na ya raia wao yamemalizwa kabisa. Nyaraka ambazo Seoul yenyewe ilizifungua mwaka 2005 zinaonyesha kwamba kwenye mazungumzo Korea ndiyo iliyotaka ikabidhiwe fedha zote, igawe yenyewe kwa watu wake. Haikugawa, au iligawa makombo. Rais Park Chung-hee alizielekeza kwenye maendeleo, kikiwemo kiwanda kikubwa cha chuma cha Pohang. Miaka ya 1970 familia zipatazo 8,500 za waliofia kwenye shokoa zilipewa won 300,000 kila moja. Waliorudi hai hawakupewa kitu.

Kwa hiyo POSCO, kampuni iliyozaliwa pale Pohang, ilipochangia won bilioni 4 kwenye mfuko wa 2023, haikuwa inabeba mzigo usioihusu. Ilikua kwa fedha ambazo kina Lee walipaswa kuonja. Kwa upande wa fedha tupu, sijaona jibu la kuridhisha kutoka kwa wanaosema Seoul haikupaswa kutoa chochote.

Japani ina lalamiko jingine pia. Mwaka 2015 nchi hizi zilikubaliana kuhusu wanawake walioingizwa kwenye madanguro ya jeshi la Japani. Tokyo ikatoa yeni bilioni 1, suala likatangazwa limekwisha "moja kwa moja". Miaka mitatu baadaye serikali mpya ya Seoul ikatangaza kuuvunja mfuko uleule. Mjapani anayeuliza "tukisaini leo, rais ajaye ataheshimu?" hana ukaidi. Anauliza swali la haki.

Lakini mahakama ya Seoul haikuamua juu ya mshahara. Iliamua juu ya machungu: kwamba mtu aliyetumikishwa kinyama chini ya utawala haramu anastahili fidia ya uovu huo, na kwamba mkataba wa 1965 haukuugusa kabisa. Hapo lipo neno moja dogo lenye matatizo makubwa. Mkataba unasema makubaliano ya 1910, yaliyoimeza Korea, na yaliyoyatangulia, ni batili "tayari". Tayari tangu lini? Wakorea wanasoma: tangu siku yaliposainiwa, maana yalipatikana kwa mabavu. Wajapani wanasoma: yalikuwa halali, yakakoma baada ya kushindwa vita. Wanadiplomasia waliliweka neno hilo makusudi ili kila upande ukirudi nyumbani usome unachotaka. Liliwasaidia wao. Liliwaacha kina Lee mlangoni.

Ndiyo maana fedha za mfuko ziliwakera. Yang Geum-deok, mwingine aliyeshinda kesi ya aina hiyo, alichukuliwa akiwa msichana wa shule mwaka 1944, akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha ndege cha Mitsubishi huko Nagoya. Tangazo la Yoon lilipotoka alisema hata afe kwa njaa hatazipokea. Kati ya walengwa 15 wa kwanza, familia nyingi zilipokea, na siwalaumu hata kidogo. Wazee watatu waliokuwa bado hai wote walikataa mwanzoni. Mwishowe, Oktoba 2024, Yang na Lee nao wakatajwa kuwa wamepokea. Mmoja wa watoto wa Lee akajitokeza kuhoji baba yake, aliyekuwa hawezi tena kujieleza vizuri, alikubali vipi. Lee alifariki Januari 2025. Kuharakisha malipo kwa mzee wa hali ile naliona kosa, hata kama nia ilikuwa njema.

Wengi tulidhani Yoon akianguka na mapatano yake yataanguka. Alitangaza utawala wa kijeshi Desemba 2024, akaondolewa Aprili 2025, na aliyemrithi, Lee Jae-myung, ndiye aliyewahi kuyaita mapatano hayo fedheha. Lakini Agosti 2025 alikwenda Tokyo kabla ya Washington, akasema ahadi za nchi kwa nchi hazipaswi kupinduliwa. Ushuru wa Donald Trump ulikuwa umezibana nchi zote mbili, na Korea Kaskazini ilikuwa imepeleka askari kupigana upande wa Urusi. Na watu wa kawaida hawakusubiri viongozi: mwaka 2024 Wakorea zaidi ya milioni 8.8 walitembelea Japani.

Namsifu Rais Lee kwa hilo. Swali la Mjapani amelijibu: rais wa chama pinzani ameheshimu saini. Sasa mpira uko Tokyo, na kinachotakiwa si kikubwa. Mfuko bado uko wazi, na hukumu nyingine zimetoka tangu wakati huo. Nippon Steel na Mitsubishi wanaweza kuchangia na kusema neno la kuomba radhi bila kufuta herufi moja ya mkataba.

Haitakuwa mara ya kwanza. Julai 2015, Mitsubishi Materials, kampuni ya ukoo uleule, iliwaomba radhi mateka wa vita wa Kimarekani waliotumikishwa kwenye migodi yake. Mwaka uliofuata ikafikia suluhu na Wachina: radhi, pamoja na yuani 100,000 kwa kila mmoja, kwa watu zaidi ya 3,700. Wakorea walipouliza mbona wao hawamo, maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba kisheria hali yao ni tofauti, kwa kuwa wakati ule walikuwa raia wa Japani.