Kinasa Sauti Mbele ya Mcheza Dansi

Mtafiti wa sanaa za maonyesho akikosa njia, hukimbilia mahojiano. Anawasha kinasa sauti, anauliza maswali yake kumi na mawili, anaondoka na saa mbili za maneno, na sura ya nne ya tasnifu imeshapata nyama. Sina ugomvi na mahojiano yenyewe. Nayapenda, na bila hayo tungejua machache sana kuhusu jukwaa. Kinachonisumbua ni kwamba tunamhoji msanii kana kwamba ni shahidi wa ajali barabarani, mtu aliyeona jambo na sasa analisimulia. Msanii hakuliona onyesho. Alilifanya, tena mara nyingi alilifanya bila nafasi ya kulitazama.

Wanaoyatetea mahojiano wana hoja nzito, na ni haki kuanza nao. Tamthilia inabaki kitabuni, muziki unaweza kubaki kwenye nota, lakini kile kimya cha mwigizaji kabla ya kutamka neno la mwisho hakibaki popote isipokuwa kwa waliokuwepo. Dansi iko pabaya zaidi. Rudolf Laban, mtunzi na mwananadharia wa dansi, alichapisha mfumo wake wa kuandika miondoko mwaka 1928, na mifumo mingine ikafuata, lakini sehemu kubwa ya dansi duniani haijawahi kuandikwa. Hupita kutoka mwili hadi mwili, mwalimu kwa mwanafunzi. Mlolongo ukikatika, kinachobaki ni watu wachache wenye kumbukumbu, na njia ya kuwafikia ni kuketi nao na kuwauliza.

Chukua "The Rite of Spring", dansi aliyoitunga mcheza dansi wa Urusi Vaslav Nijinsky kwa muziki wa Igor Stravinsky, ikaoneshwa Paris tarehe 29 Mei 1913 katikati ya zogo la watazamaji. Ilichezwa mara chache tu, kisha ikaachwa. Muziki uliendelea kupigwa, miondoko ikapotea. Millicent Hodson, mtafiti na mtunzi wa dansi kutoka Marekani, alipoanza kuitafuta katika miaka ya 1970, mmoja wa watu aliowaendea alikuwa Marie Rambert, aliyekuwa msaidizi wa Nijinsky mazoezini na sasa alikuwa ajuza aliyevuka miaka themanini. Rambert alifariki mwaka 1982. Dansi ilirudi jukwaani mwaka 1987, ikichezwa na kundi la Joffrey Ballet. Hodson angechelewa miaka michache tu, mlango ule ungekuwa umefungwa kabisa.

Lakini mfano huohuo unawabana wanaoyategemea mahojiano peke yake. Hodson na mwenzake Kenneth Archer hawakujenga dansi nzima juu ya maneno ya bibi mmoja. Walikuwa na maelezo ambayo Rambert mwenyewe aliyaandika kwenye nota za muziki enzi zile kumbukumbu ikiwa bado mbichi, michoro ya Valentine Gross aliyewachora wachezaji, mavazi, na habari za magazeti ya wakati ule. Maneno yalipimwa kwa karatasi, na karatasi ikapimwa kwa maneno. Hata hivyo, bado wapo wanaouliza kama kilichoonekana mwaka 1987 kilikuwa cha Nijinsky au cha Hodson.

Sasa tugeukie udhaifu wenyewe. Mwulize mpiga ngoma anajuaje kwamba huu ndio wakati wa kubadili mdundo. Atakwambia, "Nasikia tu." Mbane zaidi, atakupa jibu la kukuridhisha, pengine kuhusu nguvu au hisia, ilhali mikono yake inaonesha kitu kingine: anatazama mguu wa mcheza dansi wa mbele, na bega linapoinama yeye ameshabadilisha. Hakukudanganya. Ujuzi wake unakaa mahali ambapo ulimi haufiki kwa urahisi, na swali letu lilidai ulimi. Hapa ndipo watafiti wengi huandika "msanii hutegemea hisia" na kuendelea, na hapa ndipo uchambuzi ulipaswa kuanza.

Kuna tatizo la pili, ambalo hulikuti sana ukimhoji mkulima au fundi. Msanii wa jukwaani anajua kuhojiwa. Amekwisha kusimulia safari yake redioni, kwenye televisheni, kwa wafadhili. Hadithi imepigwa msasa mpaka inang'aa, ina kicheko mahali pake na machozi mahali pake. Ukimpa swali lilelile la kila mtu, "Ulianzaje sanaa?", atakuchezea onyesho lilelile. Wapo wanaoona kwamba hilo linaharibu data. Mimi naona kinyume: namna msanii anavyojiigiza mbele ya mtafiti ni sehemu ya tunachokichunguza, mradi tu tusiichukue kama rekodi ya matukio.

Kuhusu kumbukumbu, tuna la kujifunza kwa wanahistoria wa masimulizi, wale wanaoandika historia kwa kuwahoji walioishi matukio. Mjini Terni, Italia, mfanyakazi Luigi Trastulli aliuawa na polisi mwezi Machi 1949. Miongo kadhaa baadaye wengi waliohojiwa walikihamishia kifo hicho mwaka 1953, wakati wa maandamano ya kupinga kuachishwa kazi. Tarehe haikuwa sahihi, lakini kosa lilieleza jinsi jamii ile ilivyokibeba kifo hicho na mahali walipotaka kukipa maana. Mwigizaji akiapa kwamba usiku wa kwanza ukumbi ulijaa pomoni, na hesabu ya tiketi ikasema nusu, usimtupe. Muulize usiku ule ulikuwa na nini.

Kwangu, basi, mahojiano yaje baadaye. Mtafiti atazame kwanza, ahudhurie mazoezi, achoke pamoja na kundi, ndipo aulize. Amwekee msanii video ya onyesho lake, amwachie yeye asimamishe anapotaka. Pale anaposimamisha ndipo penye jambo. Na neno lenye thamani kuliko "eleza" ni "nionyeshe". Pina Bausch, mtunzi wa dansi wa Ujerumani, aliwauliza wachezaji wake maswali mazoezini, nao wakajibu kwa miondoko na vituko vidogo, na kutokana na majibu hayo akajenga maonyesho. Kama mtunzi anaweza kupokea jibu la mwili, sioni kwa nini mtafiti ang'ang'anie sentensi. Ila hapo kinasa sauti hakitoshi, inahitajika kamera, na unukuzi unapaswa kubeba vimya, mikono na kuinuka kitini. Ni kazi ngumu, inakula muda, na mwanafunzi mwenye muhula mmoja atalalamika kwa haki.

Limebaki suala la majina. Kanuni za maadili ya utafiti kwa kawaida humkinga mhojiwa kwa kumficha. Kwa msanii, kinga hiyo inaweza kuwa dhuluma. Mtu anayeishi kwa jina lake, aliyetunga miondoko unayoichambua katika kurasa thelathini, unamwandika "Mhojiwa wa 7", na miaka kumi baadaye kazi yake inanukuliwa kwa jina lako wewe. Upande mwingine yupo mwigizaji anayekueleza jinsi mwelekezaji alivyomdhalilisha mazoezini. Huyo anahitaji kufichwa, na katika kundi la watu wanane kumbadilishia jina ni bure, wenzake watamtambua kwa sentensi moja. Mara nyingi hawa wawili ni mtu mmoja, katika mahojiano yaleyale, dakika ishirini tu kati ya jambo moja na jingine.

Fomu ya ridhaa iliyosainiwa kabla ya swali la kwanza haiwezi kulibeba hilo, kwa sababu wakati ule hakuna aliyejua nini kitasemwa. Arudishiwe maandishi ayasome, au asomewe, aamue kipande kwa kipande: hapa nitaje, hapa nifiche, hapa futa. Na kipande anachotaka kifutwe kifutwe, hata kama ndicho kilichobeba sura nzima.