Utengamao wa nyumbani baada ya jeraha la ubongo: nafuu kwa nani?

Mgonjwa aliyeumia ubongo akiruhusiwa kutoka hospitali, ndugu hushusha pumzi wakidhani kubwa limepita. Kumbe linaloanza ni refu zaidi, nalo ndilo utengamao: kujifunza upya kutembea, kuoga, kukumbuka, kukaa na watu bila kuwaka hasira. Hapo ndipo wataalamu wanapogawanyika. Wako wanaosema afanyie mazoezi hayo nyumbani, familia ikimsimamia. Wengine wanasema kumtoa mapema kwenye kituo cha utengamao ni kumwacha njiani.

Hoja ya nyumbani ina mashiko. Ubongo uliojeruhiwa mara nyingi hushindwa kuhamisha ujuzi kutoka mahali pamoja hadi pengine. Mtu aliyevaa shati vizuri mbele ya mtaalamu anaweza kukwama chumbani kwake, kwa sababu tu kabati liko upande mwingine na mwanga ni tofauti. Akijifunza kulekule atakakoishi, shida hiyo inapungua. Isitoshe, watu wa nyumbani wanajua alikuwa nani kabla ya ajali, anapenda nini, na nini humtia moyo wa kujaribu tena. Mtaalamu anayebadilishana zamu na wenzake hawezi kuyajua hayo yote.

Ushahidi nao haujawaangusha wanaoshikilia upande huu. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Marekani, kwa askari 120 waliokuwa na jeraha la ubongo la wastani au kali. Baadhi walipata wiki 8 za mafunzo wakiwa wamelazwa. Wengine walirudi nyumbani na mazoezi yao, muuguzi akiwapigia simu kila wiki. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 90 ya waliolazwa walikuwa wamerudi kazini; wa nyumbani, asilimia 94. Tofauti hiyo haina uzito wowote kitakwimu.

Lakini utafiti huohuo una ukurasa ambao watetezi wa nyumbani huupitia haraka. Kati ya waliopoteza fahamu kwa zaidi ya saa moja, asilimia 80 ya waliolazwa walionekana wanafaa kuendelea na jeshi, dhidi ya asilimia 58 ya wa nyumbani. Ni kundi moja tu ndani ya utafiti, tusilibebeshe zaidi ya uwezo wake. Ila linaendana na akili ya kawaida: jeraha likiwa zito, mikono yenye ujuzi inahitajika kwa karibu. Tena wale walikuwa askari, wengi wao vijana, wenye mwajiri. Si kila mgonjwa anarudi kwenye hali kama hiyo.

India ilileta somo kali zaidi, ingawa wagonjwa wake walikuwa wa kiharusi. Katika utafiti wa ATTEND, uliochapishwa mwaka 2017 ukiwa na wagonjwa 1,250 kutoka hospitali 14, ndugu wa karibu nusu ya wagonjwa walifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani; waliobaki walipata huduma ya kawaida tu. Baada ya miezi 6, asilimia 47 ya kila kundi walikuwa wamefariki au wanategemea wengine. Mapenzi ya ndugu yalikuwepo na mafunzo yalikuwepo, lakini matokeo hayakusogea. Mimi nausoma hivi: ndugu ni msaidizi mzuri wa mtaalamu, ila akiachiwa kazi nzima ya mtaalamu, tusishangae mgonjwa asiposonga.

Na yeye ndugu anabaki na nini? Tafiti za Glasgow, Uskoti, za miaka ya 1980 ziliwafuatilia jamaa za walioumia vibaya kichwani. Mwaka wa tano mzigo wao ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mwaka wa kwanza. Kilichowachosha zaidi ni tabia iliyobadilika, kuliko mwili uliodhoofika.

Chukua mume anayesimama mlangoni pa bafu, taulo begani, dakika baada ya dakika. Mke anamwambia, “Nenda ukaoge.” Anajibu, “Sawa,” na bado amesimama. Mke anaona uvivu, au dharau. Kwa kweli sehemu ya mbele ya ubongo, inayoanzisha tendo, ndiyo iliyoumia. Mtaalamu akifika mara moja tu angeweza kumwonyesha mke njia: aagize hatua moja moja, “Fungua maji,” kisha “Shika sabuni,” au abandike karatasi ya hatua hizo ukutani. Asipofika, ndoa inaingia kwenye ugomvi ambao hauna mkosaji.

Kwa hiyo sioni kwamba ugomvi ni kati ya wodi na nyumba. Aliyeumia vibaya aanzie kwa wataalamu, kisha arudi nyumbani taratibu. Mwenye jeraha jepesi zaidi aende kwake mapema. Ninachokipinga ni huduma ya nyumbani inayobaki jina tu, ilhali maana yake ni mwanamke mmoja wa familia kuacha kazi, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayeangukiwa na jukumu. Kwenye hesabu za hospitali hiyo huonekana kuwa nafuu, maana mshahara alioupoteza hakuna anayeuandika.

Kabla ya kusaini ruhusa, familia ina haki ya kuuliza: nani atakuja kutuona, baada ya muda gani, mgonjwa akipata degedege au akizidi kusinzia tumpigie nani, na huyu anayemuuguza atapumzika siku ipi. Jibu likiwa “mtazoea tu,” huyo mgonjwa hajawa tayari kuruhusiwa.