Kiraka ndani ya zipu

Jamani, kiraka (patch, yaani faili la mabadiliko ya msimbo wa programu) cha mistari minne unakifungia kwenye faili la zipu cha nini? Jana nimepokea faili linaitwa mwisho_kabisa_2.zip. Nafungua, ndani mna hati ya Word. Ndani ya hati, picha ya skrini! Sasa mstari wa tatu niutolee maoni vipi, nichore kwa kalamu?

Mwingine kabandika msimbo kwenye barua yenyewe, afadhali, ila programu yake ya barua pepe imekata mistari mirefu na kuvuruga nafasi zote za mwanzo wa mistari. Git am, amri ya Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) ya kupachika viraka vilivyotumwa kwa barua, ikagoma katakata. Si kuna git format-patch ya kutengeneza kiraka, na git send-email ya kukituma? Na kama lazima uambatishe, ambatisha .patch yenyewe, maandishi matupu, na useme umebadilisha nini na kwa nini. "Tazama kiambatisho" si maelezo.