Filamu haitaki ubahili

Mtu akianza na kamera ya filamu na kuonyesha picha zake za kwanza, zimefifia, weusi wake umegeuka kijivu cha matope, chembe zimetapakaa kama mchanga, wajuzi hawakosi jibu: filamu imepitwa na muda. Au maabara wamekuharibia. Kisha anafika bingwa mwingine: "Punguza mwanga kidogo usije ukaunguza." Jamani! Mgonjwa ana njaa, mnamwandikia afunge.

Kabla ya kumsingizia msafishaji wa filamu, shika negativu (filamu iliyosafishwa, ambapo palipopata mwanga huwa peusi) uitazame pembeni, kwenye namba na jina la filamu vilivyochapwa kiwandani. Maandishi yakiwa meusi yaliyokolea, usafishaji ulikuwa salama. Fremu yenyewe ikiwa tupu kama kioo pale palipokuwa na vivuli, basi mwanga haukutosha, na hakuna skana itakayofufua kisichoandikwa.

Ule ushauri wa kupunguza umetoka kwenye dijitali, na huko una maana: kihisi kikifurika, maelezo ya sehemu angavu ndiyo basi tena. Kwa negativu ni kinyume chake. Kinachopotea kwanza ni vivuli. Negativu ya rangi ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga) humeza stopu mbili za ziada, kila stopu ikiwa ni mwanga maradufu, bila kununa. Inyime mbili uone. Kwa hiyo weka gurudumu la ASA, jina la zamani la ISO, kwenye 200 ili filamu ipate stopu moja ya ziada, na usafishaji ubaki wa kawaida wa 400. Slaidi, filamu inayotoa picha chanya moja kwa moja, sawa, ni habari nyingine, ile ukiizidishia stopu moja tu imeungua. Lakini nani kamwambia mwanafunzi aanze na slaidi?

Halafu kuna mwizi anayekaa ndani ya kamera yenyewe. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 mita zake za mwanga zilipangwa kwa betri ya zebaki PX625, volti 1.35. Zebaki ni sumu, Marekani ilizipiga marufuku mwaka 1996, na leo watu wanatumbukiza betri ya alkali ya volti 1.5 kwa sababu inaenea. Sindano inaruka, mwenye kamera anashangilia. Kumbe volti iliyozidi inaiaminisha mita kwamba mwanga ni mwingi, naye anabana lenzi kwa utiifu, na stopu nzima imeliwa, pengine zaidi. Tena volti ya alkali hushuka kadiri inavyotumika, kwa hiyo hata kosa lenyewe halikai mahali pamoja ulizoee. Tumia zinki-hewa namba 675, ile ya vifaa vya kusaidia kusikia, volti 1.4 na imetulia. Kipenyo chake ni milimita 11.6 ndani ya nafasi ya 15.6, basi izungushie pete ya mpira. Ukishabandua kibandiko kinachoizuia hewa, hukauka baada ya miezi michache hata kama hupigi picha. Vinginevyo tafuta adapta yenye diodi, kijidude kinachopunguza volti, uweke betri ya fedha ya volti 1.55. Mwenye Pentax Spotmatic asihangaike, saketi yake haijali tofauti hiyo. Mita za seleniamu, zinazozalisha umeme wake zikipigwa na mwanga, hazina betri. Zikizeeka mara nyingi husoma pungufu, kwa hiyo angalau hukosea upande wa heri, ule wa kuzidisha mwanga.

Kuikagua mita hakuhitaji fundi. Jua kali, anga safi, jua likiwa mgongoni kwako, filamu ya 200: jibu ni tundu la lenzi la f/16 kwa 1/250 ya sekunde (namba ya f ikikua, tundu hubana). Elekeza kwenye nyasi zilizopigwa na jua. Sindano ikidai f/22 au zaidi, anayekosea si jua.

Na hii ya kusema filamu fulani "haipendi ngozi nyeusi", mara nyingi ni anga jeupe nyuma ya kichwa. Mita imeliona anga, ikataka kuligeuza kijivu, uso ukazama gizani. Weka kiganja kwenye mwanga uleule unaouangukia uso, kisogelee na kamera hadi kijaze fremu bila kukitia kivuli, soma, kisha fungua stopu moja zaidi. Ikisema f/8, piga f/5.6.