Mgonjwa akisema mguu unawaka, mwaminini

Jana nimempeleka shangazi hospitali hapa Dodoma na mpaka saa hizi hasira hazijaniisha. Alipasuliwa mgongo, kidonda kikapona vizuri tu, ila mguu wa kushoto unamuwaka usiku kucha, shuka likigusa tu anaruka. Daktari kainua picha kwenye mwanga, kasema "mama, hapa pako safi, huna kitu", kaandika vidonge vilevile, haya mwingine aingie.

Huna kitu!

Wenzetu huko nje mtu kama shangazi, kapasuliwa mgongo na maumivu ya neva (mishipa ya fahamu) yakabaki, anaweza kuwekewa kifaa cha umeme cha kusisimua uti wa mgongo. Wala sio cha juzi, daktari Norman Shealy alimwekea mgonjwa kule Marekani mwaka 1967. Waya mwembamba unalazwa karibu na uti wa mgongo, betri inafukiwa chini ya ngozi, labda kwenye tako au tumboni, umeme mdogo unavuruga taarifa ya maumivu inapopanda kwenda kwenye ubongo.

Sasa kilichonigusa mimi ni hiki, kabla ya kufukia betri wanakujaribishia kwanza kama wiki hivi, waya ndani, betri nje, unarudi nyumbani unalala unatembea unapika, halafu wanakuuliza yamepungua? Yakipungua angalau nusu ndio unawekewa moja kwa moja. Na hiyo nusu hakuna picha inayoionyesha jamani, anaisema mgonjwa kwa mdomo wake! Kifaa cha mamilioni ya hela kinasubiri neno la mgonjwa, sisi huku mama katoka Kongwa alfajiri na basi hata kuulizwa "kuanzia sifuri mpaka kumi yanauma ngapi" haulizwi.

Haya, ni ghali, waya unaweza kuhama, na kwa maumivu ya mgongo wa chini uchambuzi wa 2023 wa Cochrane, watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikitilia shaka kabisa. Sidai kiletwe kesho. Ila dawa ya amitriptilini ipo na ni ya bei ndogo, na inatumika kwa maumivu ya neva, nani atamwandikia mtu aliyeambiwa hana kitu?

Madaktari na manesi mnaopita hapa nawaomba sana, mgonjwa akisema unawaka andikeni unawaka, muulizeni unaanzia wapi unaishia wapi, na usiku anapata usingizi saa ngapi.